Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kusikiliza Albamu ya Deth Metali ya Melodi Hadi Wimbo wa Mwisho

Kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi Gangilonga, Iringa, malalamiko ni yaleyale. Mtu anasifiwa na rafiki yake deth metali ya melodi, yaani muziki mzito wa magitaa ya umeme wenye mwimbaji anayenguruma, anaweka albamu, wimbo wa kwanza anavumilia, wa pili anakunja uso, wa tatu anazima. "Kelele tupu." Ukimuuliza alikuwa anasikiliza kupitia nini, atakwambia spika ya simu, au sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho. Ukimuuliza alikuwa anafuata nini ndani ya wimbo, atakwambia sauti ya mwimbaji.

Makosa yote mawili yako hapo. Katika muziki huu mwimbaji habebi melodi. Melodi iko kwenye magitaa mawili, na vifaa vingi vya majumbani kwetu huyafunika magitaa hayo. Rekebisha vifaa kwanza, kisha lihamishe sikio kutoka kwa mwimbaji kwenda kwenye magitaa. Hatua zote zilizo hapa chini zinafanya kazi hizo mbili.

Albamu ya mazoezi ni moja: The Jester Race ya kundi la In Flames kutoka Gothenburg, Uswidi, iliyotoka mwaka 1996. Ina nyimbo 10 na inachukua dakika kama 40. Imechaguliwa kwa sababu inafunguka kwa gitaa tulivu, nyimbo zake mbili hazina mwimbaji kabisa, na melodi zake ziko wazi kuliko za albamu nyingi za aina hii. Ukitaka kutafuta nyingine baadaye, jina la kuandika kwenye kisanduku cha utafutaji ni "melodic death metal" au kifupi chake "melodeath".

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Hedifoni zenye pande mbili zinazofanya kazi. Za waya au za bluetooth, za kufunika sikio au za kuchomeka, zote zinafaa. Sharti ni moja: kushoto na kulia kote kuwe kunatoa sauti. Hedifoni iliyokufa upande mmoja inakunyima karibu gitaa moja zima.

Albamu iliyopakuliwa kwenye simu au kompyuta. Kuisikiliza moja kwa moja kwa intaneti kunakatika katikati ya wimbo mtandao unapoyumba, na ukirudi, sikio limeshapoteza uzi. Hesabu ya bando ni hii: dakika 40 kwa ubora wa 320 kbps ni kama MB 96, kwa 128 kbps ni kama MB 38. Ukiweza, chukua 320. Ubora ukishuka sana, matoazi ndiyo huharibika kwanza. Yanaanza kusikika kama maji yanayochuruzika, na uchafu huo unafunika noti za juu za gitaa.

Chaji ya kutosha. Jaza simu kabla, au uwe na pawabenki. Umeme ukikatika dakika ya 25, zoezi limeharibika.

Maneno ya nyimbo, yaliyoandikwa au kupakuliwa. Utayahitaji Hatua ya 6.

Karatasi na kalamu. Simu usiitumie kuandika. Ukishaigusa, utaingia kwenye ujumbe.

Dakika 45 zisizo na mtu wa kukuita.

Kuhusu nakala ya albamu: matoleo ya baadaye yameongezewa nyimbo mwishoni. Albamu yenyewe inaishia wimbo wa 10. Ukiona orodha ndefu zaidi, simama hapo. Pia jihadhari na nakala zilizopandishwa mtandaoni na watu binafsi, kwani nyingine zimeongezwa kasi au zimebadilishwa mpangilio wa nyimbo. Wimbo wa kwanza unaitwa "Moonshield" na una urefu wa dakika 5 hivi. Ukiona umekuja na dakika 4 na nusu, tafuta nakala nyingine.

## Hatua ya 1: Safisha sauti

Hatua hii hurukwa na karibu kila anayeshindwa, kwa hiyo itachukua nafasi kubwa.

Sabufa za nyumbani zimepangwa kwa muziki unaotegemea besi. Besi nzito hukaa takriban kati ya hezi 40 na 120 (hezi ni kipimo cha sauti kuwa nene au nyembamba; namba ndogo ni sauti nene). Melodi ya gitaa hukaa juu zaidi, kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,000. Ukifungua besi hadi mwisho, dramu za miguu, ambazo katika muziki huu hupigwa mfululizo kwa miguu miwili, zinageuka ngurumo moja ndefu inayojaza chumba. Magitaa yako chini ya ngurumo hiyo. Yanalia, ila huyasikii.

Kama unatumia hedifoni (ndivyo inavyoshauriwa kwa mara tatu za mwanzo):

1. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya simu. Zima kila kitu kinachoongeza besi na kila kitu kinachodai kuleta "sauti ya ukumbi". Hicho cha ukumbi ndicho kibaya zaidi, maana huchanganya kushoto na kulia.
2. Fungua ikwalaiza, ile mistari ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba. Ivute yote iwe sawa, yaani sifuri. Kisha shusha mstari wa hezi 60 kwa desibeli 4, na pandisha mstari wa hezi 1,000 kwa desibeli 2. Usiguse mingine kwa sasa.
3. Zima hali ya kuchanganya nyimbo. Albamu hii imepangwa kwa makusudi, kitulivu kikifuata kizito.
4. Kagua pande. Kwenye mipangilio ya usaidizi ya simu nyingi kuna kitufe cha kuunganisha pande mbili kuwa moja, hakikisha kimezimwa.
5. Kama ni za waya, chomeka pini hadi iseme "tik". Pini iliyoingia nusu huleta kosa la ajabu: sauti ya mwimbaji na dramu ya kati vinapotea au vinasikika kwa mbali, kama watu wanaopigia nyumba ya jirani. Wengi hudhani ndivyo albamu ilivyorekodiwa.

Kama huna budi kutumia sabufa: rudisha kitufe cha besi hadi robo, tribo (kitufe cha sauti nyembamba) iweke nusu. Boksi la besi liondoe kwenye kona ya chumba na lisikae juu ya kabati la mbao, kwa sababu kona na mbao huongeza ngurumo. Zile spika mbili ndogo zishushe kutoka juu ya televisheni ambako kwa kawaida hubebanishwa. Zitenganishe kwa mita 2 hivi, ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, nawe ukae mbali nazo kiasi hichohicho cha mita 2. Zikikaa pamoja, magitaa mawili yanasikika kama moja.

Kiwango cha sauti. Anza na asilimia 50 hadi 60 ya uwezo wa simu. Kipimo rahisi ni hiki: vua hedifoni, zishike mbele yako urefu wa mkono. Kama bado unasikia wimbo wazi, umezidisha. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na kila sauti inapopanda muda huo unapungua haraka. Muziki huu umerekodiwa ukiwa umejaa mwanzo hadi mwisho, hauna mapumziko mengi kama kwaya au taarabu, kwa hiyo sikio linachoka mapema. Masikio yakianza kuvuma, acha kwa siku hiyo.

Utajua umefaulu pale ambapo, katika sekunde za mwanzo za "Moonshield", unasikia kila uzi wa gitaa tulivu ukiguswa, na kundi zima linapoingia bado unatofautisha kilicho kushoto na kilicho kulia.

## Hatua ya 2: Chagua saa na mahali

Nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini zimeezekwa bati, na mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili, Tukuyu na Rungwe zikipitiliza hapo. Mvua juu ya bati ina sauti inayokaa palepale yanapokaa matoazi na noti za juu za gitaa. Ukijaribu kushindana nayo utapandisha sauti hadi kujiumiza, na bado hutasikia kitu. Mvua ikianza, ahirisha.

Masika hayo, saa nzuri ni asubuhi mapema, maana mvua nyingi hushuka mchana na jioni. Kiangazi ni rahisi zaidi. Juni na Julai, Makete, Njombe na Mafinga watu wanafunga madirisha mapema kwa baridi, bajaji zinapungua, na kuanzia saa mbili usiku kunakuwa kimya kabisa. Huo ndio msimu wa kuanza muziki huu.

Basi halifai kwa mara ya kwanza. Muungurumo wa injini unakula besi na dramu za miguu, abiria anaongeza sauti, basi linatulia kituoni na masikio yanapigwa ghafla. Kwa wanaotelemka Kitonga kuna jambo la ziada: shinikizo la hewa linabadilika, masikio yanaziba, na noti za juu zinafifia. Meza mate au piga miayo hadi yazibuke kabla ya kugusa kitufe cha sauti.

Kaa, usilale. Washa hali ya ndege.

## Hatua ya 3: Mara ya kwanza, pita tu

Weka albamu kuanzia wimbo wa 1 hadi wa 10 bila kusimama. Huna kazi ya kuelewa chochote. Kazi yako ni moja: andika namba ya wimbo kila unapogundua kitu kimekuvuta, hata kama ni sekunde tatu za gitaa. Namba tu, usiandike maelezo.

Sababu yake ni kwamba sikio linahitaji kuzoea ukungu wa gitaa lenye sauti iliyokwaruzwa kabla halijaanza kutenganisha vitu ndani yake. Anayeanza kwa kuchambua anachoka wimbo wa pili.

Wimbo wa 2, "The Jester's Dance", na wa 9, "Wayfaerer", havina mwimbaji. Vitumie kupumzika, lakini usiinuke.

Kinachoharibika hapa: mtu anarukaruka. Anasikiliza sekunde 30, anaenda wimbo unaofuata, akitafuta "ule mzuri". Nyimbo hizi hubadilisha vipande mara nyingi, na kipande cha melodi kikubwa huweza kuwa dakika ya pili au ya tatu. Mrukaji hukutana na milango tu, nyumba haioni.

Umefaulu ukiwa na angalau namba mbili kwenye karatasi. Ukikosa kabisa, rudia kesho yake, si siku hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Mara ya pili, fuata magitaa

Hapa ndipo albamu hufunguka, na hapa usiwe na haraka.

Anza kwa kuelewa kwa nini magitaa ni mawili. Sauti ya gitaa la umeme ikisukumwa hadi ikwaruze, noti inadumu muda mrefu, na ndiyo maana gitaa linaweza "kuimba". Lakini mkwaruzo huo una gharama: ukipiga noti nyingi kwa pamoja kwenye gitaa moja, zinagombana na kugeuka matope. Kwa hiyo mpigaji mmoja hupiga noti chache zisizogombana, na noti ya pili ya mapatano hukabidhiwa gitaa la pili. Kila moja linabaki safi, na mapatano yanatokea hewani, kati ya kushoto na kulia.

Kama umewahi kuimba kwaya, iwe ya KKKT Iringa au ya Moravian Rungwe, tayari una sikio la kazi hii. Sauti ya kwanza na sauti ya pili zinapotembea pamoja, ya pili ikiwa noti tatu chini ya ya kwanza ukihesabu zote mbili, hicho ndicho magitaa haya hufanya muda mwingi. Gitaa la juu likishuka

mi – re – do – ti – la

gitaa la chini linashuka nalo

do – ti – la – so – fa.

Imba mistari hiyo miwili na mtu mwingine kabla ya kuweka albamu. Mkiimba taratibu mtatambua rangi yake mara moja.

Tofauti na nyimbo nyingi za kitabuni ni nyumbani kwa wimbo. Nyimbo nyingi za ibada hutulia kwenye do. Deth metali ya melodi kwa kawaida hutulia kwenye la, na hapo ndipo huzuni yake inapotoka. Mwanakwaya anayesubiri wimbo urudi do atahisi haujaisha, atahisi umeachwa wazi. Mwambie sikio lake lisubiri la. Mara nyingine utasikia so ikipandishwa nusu hatua karibu na mwisho wa kipande, ikivuta kurudi la kwa nguvu. Hiyo ni kawaida.

Zoezi lenyewe:

1. Chagua "The Jester's Dance". Ni mfupi, dakika 2 na kidogo, na hakuna mwimbaji wa kukupoteza.
2. Usikilize mara moja ukifuata gitaa la juu tu. Vuma nalo mdomo ukiwa umefunga.
3. Usikilize tena ukifuata lile la chini. Hili ni gumu; mwanzo utateleza kurudi juu. Ukiteleza, rudisha wimbo nyuma sekunde 10.
4. Sasa vua upande wa kushoto, sikiliza kulia tu. Badilisha. Andika kila upande unabeba nini.
5. Rudia hatua hizo kwenye "Moonshield". Mwimbaji akiingia, mwache apite. Endelea kuvuma na gitaa.
6. Kisha weka albamu nzima.

Utakutana na aina tatu za upigaji, na ukizijua hutachanganyikiwa. Ya kwanza ni melodi ya mapatano iliyoelezwa hapo juu. Ya pili ni nyuzi zilizozibwa kwa kiganja, zinazotoa "dug-dug-dug" kavu. Hapo gitaa linafanya kazi ya ngoma, melodi usiitafute. Ya tatu ndiyo inayowatisha wengi: noti moja inapigwa juu na chini kwa kasi kubwa, ikasikika kama nyuki. Siri yake ni kutohesabu mapigo ya mkono. Sikiliza noti *inapobadilika*. Utagundua kwamba chini ya kasi hiyo kuna melodi inayotembea taratibu kabisa, ambayo ungeweza kuiimba.

Onyo: usiangalie picha za mwendo za magitaa yakipigwa wakati wa zoezi hili. Macho hufuata vidole, na vidole vina kasi. Sikio linaacha melodi na kufuata kasi.

Umefaulu unapojikuta unavuma kipande cha gitaa jikoni au njiani bila kukusudia. Hata kimoja kinatosha kuendelea.

## Hatua ya 5: Mara ya tatu, tafuta snea

Kinachofanya watu waseme "inakimbia mno" ni miguu ya mpiga dramu. Anakanyaga pedali mbili, na mapigo hayo yanaweza kuwa manne wakati mkono umepiga mara moja. Ukifuata miguu utachoka. Fuata snea, ile dramu ndogo kavu inayosema "pa".

Gonga meza kwa kidole kila unaposikia "pa". Utaona mambo manne:

- "Pa" inakuja kwa nafasi ya kawaida, ya pili na ya nne kati ya mapigo manne. Wimbo uko kwenye mwendo wa kutembea, hata kama miguu inanguruma chini yake.
- "Tu-pa-tu-pa-tu-pa" inayokimbia. Hapa kasi ni ya kweli. Kichwa kifuate "pa" tu.
- "Pa" inakuja mara moja kwa mapigo manne. Wimbo umepunguzwa mwendo kwa nusu. Mara nyingi melodi kubwa huwekwa hapo ili ipumue.
- "Papapapapa" mfululizo. Hutumika kwa nadra kwenye albamu hii. Usijaribu kugonga, subiri ipite.

Linganisha wimbo wa 4, "Graveland", ambao ni mfupi na wa kasi, na wa 7, uliobeba jina la albamu, ambao mwendo wake ni wa kati. Ukiweza kugonga snea ya wa 7 mwanzo hadi mwisho bila kupotea, hatua hii imeisha. "Graveland" ukikushinda si neno.

## Hatua ya 6: Sasa msikilize mwimbaji

Ameachwa hadi sasa kwa makusudi.

Sauti ile ya kunguruma hutengenezwa kwa kutetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ambayo hatuitumii tunapozungumza. Ndiyo maana haina noti unayoweza kuiimba. Inachobeba ni mapigo na uzito: angalia silabi zinavyoangukia snea, na namna anavyorefusha neno la mwisho magitaa yanapobadilisha kipande. Kwenye albamu hii mwimbaji ni Anders Fridén.

Soma maneno ya wimbo mmoja *kabla* ya kuuweka, kisha fuata maneno kwa kidole wakati wimbo unapigwa. Kusoma baada ya kusikia hakusaidii, kwa sababu sikio limeshaamua kwamba ni mngurumo mtupu. Ukifuata kwa kidole, kuanzia ubeti wa pili utaanza kukamata maneno mazima.

Kuhusu hofu ya nyumbani. Wazazi na wachungaji wengi husikia sauti hiyo na kuhitimisha kwamba ni muziki wa kishetani. Jibu zuri ni karatasi ya maneno. Sehemu kubwa ya aina hii inahusu huzuni, kifo, upweke, maumbile na vita. Amorphis wa Ufini, kwenye Tales from the Thousand Lakes ya 1994, walichukua maneno kutoka Kalevala, utenzi wa taifa lao. Yapo pia makundi yanayoitukana dini waziwazi. Soma kwanza, uchague kwa akili yako, na anayekuuliza umwonyeshe alichokuwa haelewi. Na mtoto wa shule akilala chumba cha pili, tumia hedifoni.

Onyo: usiige mngurumo huo kwa kubana koo. Ukisikia mwasho au ukakohoa, acha papo hapo. Mwanakwaya akiendelea hivyo anaweza kukosa sauti Jumapili.

## Hatua ya 7: Albamu nzima, kwa mkupuo

Baada ya siku moja ya kupumzisha masikio, rudi mwanzo. Huna zoezi. Sasa rudisha ikwalaiza sifuri, ikiwemo ile hezi 60, kwa sababu sikio lako limeshajua magitaa yaliko na besi haitayaficha tena kirahisi. Besi yenyewe itakushangaza; ilikuwa ikishikilia chini ya magitaa muda wote.

Zingatia mpangilio: utulivu wa "Moonshield" unavyokuandaa, "The Jester's Dance" inavyokupa pumzi kabla ya nyimbo kali, solo ya gitaa ndani ya "December Flower" wimbo wa 8, na namna "Wayfaerer" inavyotua kabla ya wimbo wa kufunga.

Umefika ukiweza kufanya mambo haya mawili: kuvuma melodi za nyimbo tatu tofauti bila kuzichanganya, na kusema wimbo gani unauruka na kwa nini. Kutopenda wimbo baada ya kuusikia vizuri ni usikilizaji halali kabisa.

## Matatizo yanayojirudia na tiba zake

"Nasikia ukuta tu, hakuna kitu ndani." Besi bado iko juu, au unasikiliza kwa spika moja. Spika nyingi ndogo za bluetooth huunganisha kushoto na kulia. Rudi Hatua ya 1.

"Kichwa kinauma baada ya nyimbo nne." Sauti imezidi, au hedifoni zako zinasukuma sana eneo la hezi 3,000 hadi 5,000, kama zifanyavyo nyingi za bei ya chini. Shusha mstari wa hezi 4,000 kwa desibeli 3. Kama simu haina mstari huo, shusha sauti yote kidogo.

"Nyimbo zote zinafanana." Bado unafuata mwimbaji. Rudi kwenye "The Jester's Dance" na uvume.

"Wimbo unakatika kidogo kabla ya unaofuata." Programu inaweka nafasi au inachanganya mwisho na mwanzo. Zima kipengele cha kuunganisha nyimbo, kisha washa kile cha kucheza bila pengo.

"Nilielewa jana, leo sisikii kitu." Masikio yamechoka, au umetoka mashine ya kusaga, karakana au kwenye muziki wa harusi. Pumzika hadi kesho.

"Upande mmoja unafifia." Nta imeziba wavu wa hedifoni ya kuchomeka. Isafishe kwa mswaki mkavu, uso wake ukiwa umeelekea chini ili uchafu usiingie ndani.

## Albamu za kufuata, kwa mpangilio

Kaa na The Jester Race wiki mbili au tatu, kisha nenda Slaughter of the Soul ya At the Gates (1995). Ni fupi, dakika kama 34, lakini kasi ya "tu-pa-tu-pa" imetawala na sauti ya mwimbaji iko juu zaidi. Wimbo wa 5 hauna mwimbaji, utumie kupumua. Baada yake Heartwork ya Carcass kutoka Uingereza (1993), kwa anayetaka magitaa mazito zaidi. The Gallery ya Dark Tranquillity (1995) ina melodi nyingi zinazopishana ndani ya wimbo mmoja, kwa hiyo isubiri hadi uweze kufuata gitaa la chini bila kuteleza.

Winter's Gate ya Insomnium (2016) iweke ya mwisho. Ni wimbo mmoja wa dakika 40. Kwenye baadhi ya programu umekatwa vipande. Ukiukuta hivyo, washa kucheza bila pengo kabla ya kubonyeza chochote, hakikisha chaji imejaa, na uanze saa ambayo una uhakika mvua haitashuka.